Kitabu Kilichoungua Witu

Ukishuka Minjila utakuta njia zimegawanyika. Moja inaufuata mto kwenda Hola na Garissa. Nyingine inarudi Malindi na Mombasa. Ya tatu inachepuka kuelekea Witu, kisha Mokowe, ambako unapanda boti kuvuka hadi Lamu. Abiria wengi wakiwa hapa steji wanawaza mambo mawili tu: chai iko wapi na gari linatoka saa ngapi. Hakuna kibao kinachokwambia kwamba hiyo njia ya tatu inapita mji ambako, kwa masimulizi ya watu wa pwani, kiliteketea kitabu cha wafalme wa Pate.

Ni habari ya kitabu hicho ninayotaka tuizungumze. Kilichonivuta si moto peke yake. Kilichonivuta ni kwamba kitabu kiliungua mwaka 1890, na bado leo tunaweza kukisoma. Sasa hapo kuna swali: tunasoma nini hasa?

Kwanza tuondoe picha moja kichwani. Mtu akisikia maandiko ya zama za kati, akili yake huruka hadi monasteri: kuta za mawe, watawa waliovaa majoho, mshumaa, kitabu kikubwa cha ngozi. Na picha hiyo si ya Ulaya peke yake. Hapa jirani, Ethiopia, ipo hadi leo. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, kuna Injili zilizoandikwa kwa Kige'ez juu ya ngozi za mbuzi, na vipimo vya kaboni vimeonyesha kwamba ngozi hizo ni za kati ya mwaka 330 na 650 hivi. Kwenye visiwa vya Ziwa Tana (jina moja na mto wetu, ingawa maji ni mengine kabisa) watawa wametunza vitabu kwa mamia ya miaka. Kisiwa ni kinga nzuri. Adui lazima apande mashua, na kabla hajafika, kitabu kimeshafichwa.

Hata hivyo kuta si dawa ya kila kitu. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza liliivamia ngome ya Maqdala ya Mfalme Tewodros. Vitu vilivyoporwa vilihitaji tembo 15 na karibu nyumbu 200 kuvibeba, na miongoni mwavyo kulikuwa na mamia ya miswada. Karibu 350 iko London mpaka leo. Kwa hiyo usidhani ukuta ukiwa mnene basi kitabu kimepona.

Pwani yetu haikuwa na monasteri. Ilikuwa na misikiti, vyuo vya Kurani, na nyumba za watu zenye makasha. Ilikuwa pia na hali ya hewa isiyopenda karatasi. Unyevu, chumvi ya bahari, mchwa, mende, paa la makuti linalovuja msimu wa masika: karatasi iliyoletwa na jahazi inaweza kuoza kabla mjukuu hajajua kusoma. Ndiyo maana maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo ni yale ya kwenye mawe. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, pale mto unapokutana na bahari, yalichimbwa na James Kirkman katika miaka ya 1950, na kuta za misikiti bado zinaonekana. Lakini barua, mashairi na hesabu za watu walioswali kwenye misikiti hiyo? Zimekwenda na upepo.

Kuna mfano mmoja unaoeleza hali hii vizuri. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yenye tarehe ni barua za Kilwa za mwaka 1711, pamoja na ile ya Mfalme Fatima. Hazikupatikana Kilwa. Zilipatikana Goa, kule India, katika makabati ya Wareno. Zilidumu kwa sababu ofisi ya mgeni ilikuwa na desturi ya kutotupa karatasi. Kasha la mpokeaji lilizitunza, huku nakala za nyumbani, kama ziliwahi kuwepo, zikiliwa na mchwa.

Basi turudi barabarani. Witu.

Katika miaka ya 1860, Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, alikuwa amesukumwa nje ya visiwa na nguvu ya Sultani wa Zanzibar. Akajikita Witu, bara, ndani ya msitu. Haukuwa mji wa fahari kama Pate ya zamani, lakini ulikuwa na faida moja: manowari haziwezi kupita msituni. Watu wengi walikimbilia huko, wakiwemo watoro waliokuwa wameukimbia utumwa katika mashamba ya pwani. Na mfalme anapohama hahami na upanga tu. Anahama na siwa, na ngoma, na karatasi zinazothibitisha kwamba babu yake alikuwa mfalme. Kwa mtu aliyepoteza kisiwa, kitabu cha nasaba ni kama hati ya shamba.

Mwaka 1885 Ahmed Simba alifanya mapatano na ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, akitafuta ulinzi dhidi ya Zanzibar. Ujerumani ikaiweka Witu chini yake. Ulinzi huo haukudumu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana: Ujerumani ikachukua kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata nafasi yake Zanzibar, na Witu ikapewa Waingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Wakati huo Simba alikuwa ameshafariki na Fumo Bakari ndiye aliyekuwa akitawala.

Septemba ya mwaka huo, mfanyabiashara Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake kadhaa waliuawa Witu baada ya ugomvi na watu wa mji. Uingereza ikatuma kikosi chini ya Admirali Edmund Fremantle. Mwishoni mwa Oktoba 1890 mji ulitekwa na kuchomwa moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni na akafa miezi michache baadaye, Januari 1891.

Katika ripoti za kijeshi, mji uliochomwa ni sentensi moja: umetekwa, umeharibiwa, kazi imekwisha. Hakuna mwanajeshi anayeandika idadi ya makasha yaliyokuwa uvunguni mwa vitanda. Upande wa pili, masimulizi ya watu wa pwani yalishika jambo lingine. Yalisema kitabu cha habari za Pate, chenye majina ya wafalme, miaka yao na vita vyao, kiliungua katika moto ule.

Na hapa ndipo anapoingia mzee mmoja. Aliitwa Muhammad bin Fumo Omar al-Nabahani, lakini watu walimjua kama Bwana Kitini. Alikuwa wa ukoo uleule wa kifalme. Habari za Pate alizipata kutoka kwa babu yake, Muhammad bin Bwana Mkuu, aliyeitwa Bwana Simba (huyu si yule Simba wa Witu, Manabahani walipenda majina ya simba). Mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa wa kikoloni wakaanza kuuliza habari za kale. Bwana Kitini akawasimulia, na waandishi wakanakili kwa herufi za Kiarabu. C. H. Stigand alichapisha toleo la Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner akachapisha maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Mjerumani Heepe akatoa lake mwaka 1928. Nakala nyingine zikazunguka mikononi mwa watu, zikanakiliwa tena na tena, na baadhi zikaishia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alichapisha uchunguzi wa nakala 4 za huko, namba 177, 321, 344 na 358.

Kwa hiyo tunachosoma leo ni kumbukumbu ya mzee, iliyopitia kalamu za wanakili, iliyozaa nakala ambazo hazifanani kila mahali. Kitabu chenyewe hatukioni popote. Wapo hata wasomi wanaouliza kama kweli kilikuwepo kitabu kimoja asilia, au kama hicho cha kuungua ni namna ya kusema: tulikuwa na ushahidi, mmetuchomea.

Ukisikia hivyo unaweza kushawishika kusema, ah, basi ni hadithi tu. Subiri kidogo.

Habari za Pate zinaanza na Suleiman Nabahani kuja kutoka Uarabuni, kumwoa binti wa mfalme wa Pate na kurithi kiti, mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliitilia shaka hesabu hiyo. Kwa alivyoona yeye, mabaki ya Pate hayakuonyesha mji wa kale kiasi hicho. Kwa muda, wengi walikubaliana naye, na mzee Kitini akaonekana kama mtu aliyerefusha ukoo wake. Kisha Thomas Wilson na Athman Lali Omar wakaenda wakachimba upya, na mwaka 1997 wakachapisha matokeo: watu walikuwa wakiishi Pate karne nyingi kabla ya hapo, hata kabla ya huo mwaka 1203. Mji ni wa kale. Hilo halimaanishi kwamba Nabahani wa kwanza alifika siku ileile iliyotajwa. Linamaanisha kwamba mzee hakustahili kutupwa kapuni.

Angalia pia Shanga, kwenye kisiwa hichohicho cha Pate. Habari zinasema Pate ilipigana na Shanga na kuiangamiza. Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980, akakuta msikiti chini ya msikiti, wa zamani zaidi wa karne ya 8, na akakuta mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Udongo haukumtaja aliyeuharibu. Lakini ulithibitisha kwamba mji ulikuwepo na ulikufa, kama mzee alivyosema.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana tusigeuze heshima kuwa upofu. Bwana Kitini alikuwa Nabahani. Alikuwa akisimulia baada ya ukoo wake kupoteza kila kitu, kwa watu ambao serikali yao ndiyo iliyochoma mji wa ukoo huo. Mtu wa namna hiyo ana sababu zote za kuifanya Pate iwe kubwa zaidi, ya kale zaidi, na mtawala wa miji mingi zaidi. Watu wa Lamu, wa Siyu, wa Faza wana masimulizi yao, na hayampi Nabahani sifa hizo zote. Na je, mkulima wa Kipokomo aliyekuwa akilima mpunga pembezoni mwa Tana, au mtoro wa Witu, au mwanamke aliyeolewa ili kiti kirithiwe? Hao wanapita kwenye kurasa kama vivuli. Historia ya wafalme huandikwa na wafalme, hata inapoandikwa kwa kinywa.

Mimi nadhani jambo kubwa tunalojifunza Witu ni hili: pwani hii haikuwahi kutegemea ukuta kutunza maandishi. Ilitegemea kunakili. Kitabu kilikuwa hai maadamu kulikuwa na mtu anayekijua na mwingine anayekiandika tena. Nakala ya kale haikuwa na thamani kwa sababu ya ukale wake. Ikichakaa, unaandika mpya, na ile ya zamani unaiweka kando kwa heshima. Ndiyo maana utendi uliotungwa karne ya 18 tunaukuta katika karatasi ya karne ya 19 au 20. Mtu wa makumbusho ataona hasara. Mnakili aliona kazi yake imefanikiwa.

Mfano bora ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi mwenye khati nzuri ajabu. Watafiti wa Ulaya, akiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimwagiza nakala za tenzi, naye akawaandikia. Mwaka 1913 aliandika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi yanamweka hapahapa kwenye delta, Ozi na Shaka, karibu na Kipini. Kazi nyingi za mkono wake sasa ziko London na Ujerumani. Unaweza kusikitika kwamba ziliondoka. Lakini jiulize pia: zingebaki kwenye kasha la nani, na mvua ngapi zimenyesha tangu 1913?

Sipendi jibu rahisi hapa. Kuna tofauti kati ya Maqdala na Lamu. Kule watu walipora. Huku mtu aliandika kwa mkono wake, akalipwa, akajua karatasi inakwenda wapi. Lakini matokeo kwa kijana wa Garsen ni yaleyale: habari za shujaa wa delta yake ziko mbali kuliko anavyoweza kwenda kwa nauli yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo cha SOAS, London, kiliorodhesha miswada yake ya Kiswahili na kuiweka orodha hiyo mtandaoni. Ni hatua nzuri. Sasa ukifungua picha ya ukurasa mmoja kwenye simu yako, unakutana na kizuizi kingine kisichohusu nauli wala viza.

Hatuwezi kuusoma.

Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka. Khati hiyo ina ugumu wake, maana Kiarabu hakina herufi za sauti kama p, ch, g na v, na kila mnakili alikuwa na mbinu zake. Neno moja unaweza kulisoma kwa njia 3, na ni yule anayeijua lugha ya zamani na mizani ya shairi tu atakayekwambia ipi ni sawa. Shule za wakoloni zilipoleta herufi za Kilatini, khati ya zamani ikabaki chuoni na nyumbani. Leo ana kwa ana na barua ya babu wa babu yake, mwanafunzi mwenye alama nzuri ya Kiswahili kwenye mtihani wa taifa anaiangalia kama mchoro. Moto wa Witu ulimaliza kazi yake kwa siku moja au mbili. Huu wa kutojua kusoma unawaka polepole, na hauna moshi.

Na tusiisahau maktaba nyingine ya Tana, isiyo na karatasi kabisa. Wapokomo na Waorma hawakungoja mnakili. Nyimbo, nasaba, majina ya mafuriko na ya ukame yalikaa kichwani. Usidharau. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wimbo wa taifa ulijengwa juu ya sauti ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Kipokomo, uliotolewa na Mzee Meza Galana wa Tana River. Kila Jamhuri, kila mechi ya Harambee Stars, nchi nzima inasimama wima kuimba kitu kilichohifadhiwa vinywani mwa akina mama wa kando ya mto huu. Hakuna monasteri duniani iliyowahi kutunza kitu kwa uaminifu zaidi ya hapo.

Lakini kinywa nacho hufa. Na kasha nalo huvuja. Ndiyo maana nasema kazi ya Bwana Kitini haijaisha. Imekosa watu tu. Katika nyumba za Witu, Kipini, Pate, Siyu, Lamu, bado kuna watu wenye karatasi za zamani: hati ya mirathi, kitabu cha dawa, shairi la harusi, msahafu wenye majina ya waliozaliwa yameandikwa ukingoni. Ukijaliwa kuona moja, usiiombe. Si yako, na mwenye nyumba ana haki ya kuogopa, maana wageni waliochukua hawakurudi wote. Omba ruhusa ya kupiga picha, kurasa zote, hata zile tupu, karibu na dirisha na bila mwanga wa kamera. Kisha fanya lile ambalo picha haiwezi: mwombe mzee wa nyumba akusomee kwa sauti, na urekodi. Neno lenye njia 3 za kusomeka, yeye anajua moja iliyo sawa. Akiondoka, tunabaki na ukurasa na kubahatisha.

Na kama una mwalimu wa madrasa jirani, muulize akufundishe herufi hizo. Si kazi ya miaka 10. Kiswahili tayari unakijua, kilichobaki ni mavazi yake ya zamani.

Gari la Lamu likiondoka Minjila, litakata delta, litapita Witu, na abiria wengi watakuwa wamelala. Kati yao huenda kuna mmoja anayekwenda kumzika bibi yake, na baada ya matanga ndugu watakaa kugawana vitu: sufuria kwa huyu, kitanda kwa yule. Mwisho litabaki kasha la karatasi ambazo hakuna anayejua kuzisoma, na mtu atauliza kama zichomwe au zitupwe.